Ripoti ya Kompyuta Arobaini Zenye Jina la Mkurugenzi

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Kalangalala kwamba Kamati ya Kulinganisha Njia za Kunakili Kompyuta, ambayo mimi Agapiti ni katibu wake, imemaliza kazi kwa ushindi. Ofisi yetu ya kusajili wachimbaji wadogo sasa ina kompyuta arobaini za mtandaoni, zote nakala za moja: ya Mkurugenzi Donatus mwenyewe.

Njia zilikuwa mbili. Fundi wetu, Scolastika, alitaka kompyuta mama ifutwe kwanza jina la mwenyewe, ndipo inakiliwe, kila nakala ipate jina lake. Njia ya pili ni kunakili tu, jina likiwemo.

"Nifutwe?" Mkurugenzi alishtuka. "Kwetu Didia mtoto hurithi jina la babu. Umeona wapi babu anafutwa kwanza?"

Hoja nzito hiyo. Wajumbe tulipiga makofi.

"Kwa heshima zote, baba," alisema Scolastika, "kila atakachofanya mtu, mfumo wa kurekodi kazi utasema umefanya wewe."

"Ndiyo uongozi huo! Na mfumo ukisumbua, kazi huna."

Scolastika ana watoto watatu wa kusomesha. Akanakili.

Jumatatu mambo yalikwenda vizuri mno. Mwenzetu Melania alicheza karata kwenye kompyuta tangu asubuhi. Mfumo ukaandika: Donatus. Mwenzetu mwingine, Masele, alitazama marudio ya mpira, dakika zote tisini: Donatus. Mimi nilisinzia kidogo, kikazi. Aliyeacha kompyuta wazi saa tatu nzima pia ni Donatus. Loo, raha iliyoje kuwa na kiongozi anayebeba mizigo ya wenzake!

Ijumaa makao makuu yakataka orodha ya wavivu. Mkurugenzi aliamini Scolastika atakuwa namba moja, maana ndiye pekee aliyembishia. Akaamuru mfumo utoe orodha, akaambatanisha barua: "Wote waliomo wasimamishwe kazi leo hii, bila kusikilizwa." Orodha yenyewe hakuisoma. Bosi wetu hasomi, anasaini.

Majibu yalirudi kabla ya chai: ombi limekubaliwa. Aliyesimamishwa ni mmoja tu, na si Scolastika.

Mchana simu ya Scolastika ikaita. Akaweka sauti ya nje, ofisi nzima tukatega masikio.

"Scolastika, mwanangu," bosi alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia, "ile njia yako ya kufuta jina, bado ipo?"

"Ipo, baba. Ila hufanywa kabla ya kunakili."