Suruali, Gundi na Nia Njema

Jumanne, 5 Machi

Nimechoka hata kabla homa yenyewe haijanifikia. Wiki ya tatu sasa ya mlipuko huu, na ofisi yetu ya afya imebaki na watu wanne na feni moja. Leo asubuhi serikali imetangaza rasmi hali ya dharura, tukaitwa semina. Mwanasheria wa serikali, ambaye sote tunamwita Bwana Kifungu, alizungumza saa tatu mfululizo bila kunywa maji. Nilisinzia mara mbili. Mara ya pili niliamshwa na maneno matamu: kuanzia leo, ofisa wa afya anaweza kufunga biashara yoyote kwa siku kumi na nne, na hawezi kushtakiwa kwa alichokifanya kwa nia njema.

Hawezi kushtakiwa! Nikapigia mstari. Nikapigia tena. Nimepewa kitabu cha amri za kubandika milangoni, muhuri na kopo la gundi. Hapo hapo nikamkumbuka Mkasi.

Mkasi ni fundi cherehani, duka lake na nyumba yangu ni ukuta kwa ukuta. Miaka minne iliyopita alinishonea suruali ya kwendea usaili wa cheo. Nilipokaa tu mbele ya jopo, ikapasuka. Cheo sikupata. Yeye mpaka leo anashikilia kwamba nilinenepa kati ya kupimwa na kuvaa.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfungia! Saa mbili kamili asubuhi. Fomu ina sehemu ya "Sababu". Nikaandika "msongamano". Nilihesabu watu watatu ndani, ingawa humu nakiri kwamba mmoja alikuwa ile sanamu ya kuvalishia magauni. Mkasi akaniuliza kwa upole kama haya ni mambo ya suruali. Nikamjibu kwamba serikali haivai suruali. Akasema ana kazi ya watu, ya haraka. Nikamwambia kila mtu ana kazi ya watu. Nikamaliza kopo zima la gundi mlangoni. Nimerudi ofisini natembea kama bwana harusi.

Alhamisi, 7 Machi

Kimya kitamu. Hakuna cherehani ukutani. Nimepata usingizi wa mchana, wa kwanza tangu homa ianze.

Kisha mdogo wangu akapiga simu, akaniharibia. Yeye ni muuguzi, yuko wodi ya wagonjwa wa homa. Kasema magauni yao ya kujikinga hayajaletwa, fundi anayeyashona kafungiwa duka na mpumbavu mmoja wa afya. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida, mpumbavu gani huyo. Akasema hajulikani, wanaambiwa sahihi yake haisomeki. Namshukuru Mungu kwa mwandiko wangu.

Kumbe ndiyo hiyo kazi ya watu. Mbona hakusema vizuri?

Ijumaa, 8 Machi

Mdogo wangu katuma picha. Kavaa mfuko mweusi wa takataka, kautoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Yeye anacheka. Mimi sikuweza. Huyu nimemlea tangu mama alipofariki.

Ningeweza kumfungulia Mkasi kwa barua. Lakini barua lazima ipite kwa Bosi, na Bosi ataniuliza kwa nini nilifunga. Mpango: kuibandua amri kimyakimya, watu wadhani ni upepo. Tatizo ni gundi. Nimekwangua nusu saa kwa kisu cha jikoni. Rangi ya mlango imetoka, amri imebaki. Mkasi alikuwa nyuma yangu muda wote, anapiga picha. Akasema yeye hafungui bila karatasi, maana amri yenyewe inasema anayefungua bila kibali anakwenda jela. Halafu akanipa bahasha. Ananishtaki! Mimi, si serikali. Majina yangu yote matatu yamo, bila kosa hata la herufi.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Kifungu kaniita. Kasema kama nia yangu ilikuwa njema, serikali itasimama nami mahakamani. Kama haikuwa njema, nitasimama peke yangu, na hasara zote za Mkasi ni juu yangu. Akauliza nina ushahidi gani wa nia. Mdomo ukaitangulia akili: nikamwambia naandika shajara kila siku, kila kitu kimo humo.

Akafurahi sana. Anaitaka Jumatano. Nimekwisha.

Jumanne, 12 Machi

Nimeomba ruhusa kwa kusingizia mgongo. Nimenunua daftari jipya, naandika shajara upya. Humo simchukii mtu. Humo namwonea Mkasi huruma mpaka machozi. Mke wangu kasoma ukurasa mmoja, akauliza huyu bwana mwema anaishi wapi, angependa kumfahamu. Simjali. Ili nionekane mchapakazi, duka nimelifunga mapema zaidi: si Jumatano, bali Jumatatu, tarehe 4. Ofisa asiyesubiri kusukumwa! Mwisho nikalikanyaga daftari na kulimwagia chai kidogo, lizeeke.

Jumatano, 13 Machi

Bwana Kifungu kasoma yote, kavua miwani. Akauliza dharura ilitangazwa siku gani. Nikasema Jumanne. Akauliza duka nililifunga siku gani. Nikatazama dari. Akasema Jumanne nilikuwa ofisa mwenye mamlaka, lakini Jumatatu nilikuwa mtu mwenye gundi, na sheria haina kifungu cha kumlinda mtu mwenye gundi. Nikaona nimweleze ukweli wote, na suruali ikiwemo. Akasema huo ni mbaya zaidi.

Bosi kasaini barua ya kumfungulia Mkasi papo hapo, bila kunitazama. Kaninyang'anya kitabu na muhuri.

Nafika nyumbani, simu. Mdogo wangu anashukiwa ana homa. Wamempima, wamemtenga. Majibu Ijumaa.

Alhamisi, 14 Machi

Sina la kuandika. Cherehani ya Mkasi inanguruma tangu alfajiri. Nimeweka sikio ukutani. Shona, ndugu yangu. Shona.

Ijumaa, 15 Machi

Hana! Ni uchovu tu. Nimelia mbele ya mlinzi wa hospitali, akanipa karatasi ya chooni nijifute. Nimeonana na mdogo wangu dirishani, kavaa gauni jipya. Kaniambia ile amri ameiona katika picha za Mkasi, na sahihi ile anaijua tangu nilipokuwa namsainia ripoti za shule. Kasema hajanisamehe, hana tu nguvu za kugombana. Nikaona aibu, aibu ya kweli, sikujua pa kuweka mikono.

Hata hivyo kamwomba Mkasi afute kesi. Mkasi kakubali. Ana magauni mia mbili ya kumaliza, hana nafasi ya kushinda kwenye benchi la mahakama kwa ajili ya mtu wa aina yangu. Anataka barua ya kuomba radhi, basi.

Jumatatu, 18 Machi

Barua ya radhi imekwenda. Kurasa mbili. Moja na nusu inahusu suruali.

Wenzangu wawili wameugua, na mji wa kukagua ni ule ule. Bosi kanirudishia kitabu na muhuri shingo upande. Gundi kanikatalia. Kaniagiza pia niandike nilichojifunza. Nimefikiri siku nzima, kichwa kinauma. Jibu ni hili: yote yaliharibika kwa sababu niliandika. Bila shajara, nani angejua nia yangu? Basi kuanzia leo sababu zangu siziandiki popote. Hili nimeliandika hapa nisije nikasahau.

Keshokutwa: kinyozi wa kona. Aliwahi kunikata sikio.