Wageni Watapikiwa kwa Gesi ya Choo

Jumapili, 3 Agosti
Imekubalika! Watu wa Mugendi watakuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita kumposa binti yetu Shiku. Wanatoka Wang'uru, kwenye mchele na joto. Lazima waone kwamba mji wetu wa Chaka si porini. Nimemtangazia mke wangu Murugi kwamba chakula chote siku hiyo kitapikwa kwa mtambo wangu wa gesi, ule niliouchimba nyuma ya nyumba za kupanga na kuuunganisha na vyoo vyote. Tope la maji taka linaoza humo bila hewa, gesi inapanda, sisi tunapika. Murugi aliuliza kama tutaweka kuni pia, endapo. Endapo nini? Hana imani.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepeleka kuni zote kanisani, sadaka. Sasa hakuna kurudi nyuma. Jirani Wamae, ambaye mtambo wake hulishwa mavi ya ng'ombe, alichungulia juu ya ua akaniambia ati, Gathogo, binadamu hawatoi gesi kama ng'ombe. Wivu mtupu! Yeye ana ng'ombe watatu. Mimi nina wapangaji plot nzima, na wanakula vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti
Baridi ilitaka kuniaibisha. Moto mdogo, chai ilichemka kwa muda wa ibada nzima. Viini vinavyotengeneza gesi hupenda joto. Nikafunika mtambo kwa nyasi, juu yake blanketi letu zito. Murugi aliuliza tutalalaje. Nikajibu kwamba tutakumbatiana. Alicheka, ingawa hakutaka. Leo moto umepanda! Githeri ya mahindi na maharagwe imeiva! Nimepita mbele ya nyumba ya Wamae na sufuria, polepole, nikarudi tena.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeamka na wazo la kutisha: wageni wataingia chooni! Mama yake Mugendi, kwenye vyoo vya wapangaji! Nimekimbia Nyeri kununua dawa ya choo, mitungi mikubwa, ile kali kabisa. Maandishi yake yanajigamba kwamba inaua viini vyote. Ndivyo! Nimewaamuru wapangaji wamwage ndoo baada ya ndoo. Plot nzima inanukia hospitali. Nimejipongeza.

Ijumaa, 15 Agosti
Moto umezimika. Nimegonga bomba. Nimeomba. Hakuna. Wamae alikuja, akanusa, akauliza nilimwaga nini. Nikamwonyesha mtungi kwa fahari. Alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akanieleza, kwa upole, kwamba viini ndio wapishi wenyewe. Nimewaua wapishi wangu wote kabla ya karamu!

Murugi hakunigombeza. Aliketi kando ya gunia la viazi akasema tu kwamba Shiku tunaye mmoja. Hilo liliniuma kuliko matusi. Nimemeza kiburi, nimevuka ua. Wamae hakuniacha hata nimalize kuomba. Alitoa bomba la mpira, tukalipitisha kutoka mtambo wake, chini ya ua, mpaka jikoni kwangu. Nilimsihi asimwambie mtu. Akaapa. Ni mtu mzuri, ingawa sitamwambia.

Jumamosi, 16 Agosti
Mukimo laini wa viazi na mahindi. Mbuzi wa mchuzi. Wageni wanakula, Shiku anang'aa. Nyanya yake Mugendi akasifu kwamba chakula hakina moshi, akauliza tunapikia nini. Murugi alinikanyaga mguu. Ningejibu gesi, ningekaa chini, ingetosha. Lakini ng'ombe wa Wamae wapate sifa nyumbani kwangu? Nikasimama. Nikaeleza yote kwa ufasaha: vyoo, tope, wapangaji.

Vijiko vikasimama hewani. Mjomba mmoja akarudisha mukimo kwenye sahani, taratibu. Shangazi akachukua mkoba wake. Shiku alinitazama machozi yakimlenga, na nikajua nimemharibia. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo kichwa cha Wamae kikatokea juu ya ua, kiapo kikisahaulika.

"Kuleni tu! Hiyo gesi ni ya ng'ombe yangu! Ya Gathogo ilikufa jana!"

Kisha nyanya akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. Alisema ati mzee anayedanganya ili asifiwe choo chake hawezi kuwa na siri nyingine mbaya zaidi. Ukoo huu hauna hatari. Akaomba kuongezewa mukimo. Wote wakarudi kwenye sahani. Wamekubaliana! Nilimkumbatia Wamae mbele ya watu na sikuona haya.

Jumapili, 17 Agosti
Shiku amenipikia chai mwenyewe. Ameniapisha kwamba kwenye harusi hakutakuwa na gesi ya choo. Nimeapa kwa moyo mweupe, maana nimetafakari wakati wa mahubiri na kosa nimeliona. Gesi ni kigeugeu! Makaa ndiyo mpango. Tope la mtambo ukilianika likauke, ukalichoma ndani ya pipa lililofungwa, ukalichanganya na maganda ya mpunga, unapata makaa safi. Na maganda yamejaa Wang'uru, kwa wakwe zangu! Nimempigia simu baba yake Mugendi. Atatuma magunia, wala hakuuliza ya nini. Nyama yote ya harusi itachomwa kwa makaa hayo. Sitafungua mdomo mapema tena. Nitawaambia wakishameza.