Mpangaji wa Zamani Ndani ya Kompyuta

"Fungua niyahesabu!" alisema Taraivini, mguu mmoja juu ya sanduku la barafu.

"Ukifungua yataamka," alijibu Isikeli, akilivuta upande wake. "Matoleo kumi na manne ya kivinjari, mama, na yote yana njaa. Nani atayabembeleza yalale tena? Wewe?"

Mafundi cherehani watano walisimamisha mashine zao. Sinema ya bure haiji kila siku, hata hapa Suva, mji mkuu wa Fiji.

Isikeli alikuwa amepanda asubuhi kwenye duka hilo la ushonaji ghorofani, kupimwa sulu, ile sketi wanayovaa wanaume wa Fiji. Akamsikia mwenye duka, Taraivini, akilalamika kwamba tangu asasishe kivinjari, kompyuta inalia haina nafasi. Masikio yakamsimama. Kivinjari kikisasishwa huweza kuacha nyuma folda ya toleo la zamani, na kuifuta ni kazi ya dakika moja. Lakini dakika moja haimlishi mtu. Kwa hiyo Isikeli alijifungia na kompyuta saa mbili nzima, akikemea, akipiga meza, kisha akajimwagia maji kichwani na kutoka akitweta.

Matoleo ya zamani, alieleza, ni wapangaji wakaidi: unaingiza mpya, wao wanabaki chumbani wakila. Ameyatoa yote. Sasa yanatakiwa kufungiwa kwenye kompyuta mpakato isiyotumika, izungushiwe nailoni, ilazwe kwenye barafu, ipelekwe Sydney ambako matajiri huyanunua na kuyatazama jioni. Kwa bahati nzuri Taraivini alikuwa na mpakato mpya. Kwa bahati nzuri zaidi, Isikeli aliamini, alikuwa na tamaa. Alipomwona anasita, akaitupa tena kete aliyoingia nayo asubuhi:

"Mimi mtu wa Nasavu. Sisi na nyie wa kijiji cha Waikubu ni watani tangu enzi za mizimu. Nimdanganye mtani wangu?"

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake.

"Mtani," alisema Taraivini, sauti ikilainika ghafla, mguu bado juu ya sanduku, "viatu vyako vizuri. Vua."

"Nini?"

"Nyie walaji popo hata desturi mmesahau? Mtani akipenda kitu, anachukua." Akamgeukia mmoja wa mafundi. "Vasiti, mvue saa hiyo. Mkono wenyewe kama mguu wa kuku, saa ya nini?"

Mafundi wote watano, watu wa Waikubu watupu, waliinuka wakicheka. Viatu vikaenda. Saa ikaenda. Tai ikaenda. Sanduku likarudi ndani na mpakato wake. Isikeli naye alicheka, maana mtani anayenuna si mtani. Alicheka mpaka Taraivini alipomtia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa gari, akamrushia Vasiti, naye Vasiti akashuka ngazi mbio.

Kigari kile cha mizigo ndicho kitu pekee maishani ambacho Isikeli alikinunua kwa haki. Alilala humo, alipika humo.

"Gari hapana, dada! Gari hapana!"

"Kwani wewe si wa Nasavu?" Taraivini aliuliza polepole, kama anayepima kitambaa cha bei. "Kama wewe mtu baki, sema. Kumchukulia mtu baki gari ni wizi, na polisi wale pale ng'ambo ya barabara. Ila mtu baki aliyetaka kuondoka na kompyuta yangu, naye polisi watamtaka. Chagua mwenyewe."

"Ulijua!"

"Nasavu ina nyumba tisa, na mama yangu alizaliwa katika ya tatu; wote wa huko nawajua. Lakini asubuhi uliponiambia, kompyuta ilikuwa bado haijasafishwa. Nikasema, ngoja amalize."

Chini, injini iliwaka. Vasiti alipiga honi, akapaza sauti kuuliza kama sokoni wanunue mihogo au majimbi.

Isikeli hakungoja jibu. Alishuka ngazi mbilimbili, pekupeku, akavuka barabara katikati ya magari, akajibwaga kwenye kaunta ya polisi.

"Andika, afande," alisema akihema. "Mimi si mtani wa mtu yeyote. Mimi ni tapeli. Sasa nirudishieni gari langu."