Santuri Thelathini za Pantaleo

Jumamosi, 3 Julai 1954

Barua! Ya Pantaleo wangu, kutoka Nairobi. Ukurasa mmoja, mwandiko mkubwa, lakini barua ni barua. Nimeisoma mara nne ndani ya duka. Mara ya tano nikaisoma barazani kwa sauti, ili jirani yangu Mama Thobias, muuza dagaa, asikie bila kusumbuka kuuliza.

Mwanangu ameimba kwenye santuri. Jina lake liko pale katikati, kwa wino wa dhahabu: PANTALEO NA GITAA LAKE. Nani mwingine hapa Geita ana mtoto aliyepata dhahabu bila kuingia shimoni?

Ameniletea thelathini kwa lori la Mwanza. Anasema bwana wa studio hawezi kumpa likizo mpaka ziishe, ndipo itajulikana kwamba kwao ana watu. Miaka mitatu sijamwona. Basi kazi ni nyepesi. Niziuze, aje. Mimi niliyefika darasa la nne kwa masista nishindwe na sahani thelathini?

Mama Thobias akauliza kama barua imeulizia hali yangu. Nikamwambia dagaa wake wana nzi.

Jumatatu, 5 Julai

Nimefungua mapema. Gramafoni mlangoni, pembe yake nimeielekeza barabara ya mgodini. Kufika saa nne, umati! Wachimbaji waliotoka zamu, wakulima waliokuja na pamba, akina mama na watoto mgongoni. Wamecheza mpaka vumbi likafika kwa Mama Thobias, jambo ambalo sikulipanga ila nimelifurahia. Wakataka wimbo urudiwe. Nimerudia mara kumi na saba. Mkono umevimba kwa kuzungusha mpini.

Santuri zilizouzwa: hata moja. Sindano za gramafoni: moja. Na aliyenunua alitaka kutolea mwiba mguuni.

Jioni ndipo nikaona tatizo. Mji mzima una gramafoni tatu: yangu, ya bwana mkubwa wa mgodi, na ya mwenye duka la vitambaa, ambayo springi yake ilikatika zamani. Mtu anunue santuri aipeleke wapi? Akaangie chapati?

Walipoondoka wote, duka lilinyamaza kama shule wakati wa likizo. Nikapiga tena, mara ya kumi na nane, peke yangu. Kupima sindano tu.

Alhamisi, 8 Julai

Akili! Imenijia nikiwa natwanga kisamvu. Mtu anunue santuri, niandike jina lake kwenye mfuko wa santuri, kisha ibaki hapa hapa rafuni kwangu. Mali ni yake, kazi ya kuipiga ni yangu. Na kabla ya kuipiga, jina la mwenyewe linatangazwa barazani.

Wa kwanza ni Selestine, mchimbaji kutoka Bukoba, kifua kama mlango wa kanisa. Nikatangaza kwamba sasa mnasikia santuri ya Bwana Selestine. Akasimama, akavua kofia, akatulia kama anayepigwa picha. Weee! Kabla ya saa saba wamenunua sita, kwa tamaa ya kutajwa tu.

Mama Thobias akasema kuuza kitu ukabaki nacho ni wizi. Nikasema ni elimu. Akajibu kwamba mwanawe Thobias hana elimu wala sauti, lakini ana miguu ya kuja kumsalimu mama yake. Thobias! Fundi cherehani, anakaa hatua arobaini toka hapa! Huko ni kuja?

Jumapili, 11 Julai

Siku kubwa. Baada ya Misa nimemfuata Mzee Maduhu, manju wa ngoma ya Bagika. Hapa kila mwenye miguu ya kucheza ama ni wa Bagika ama ni wa Bagalu, na baada ya mavuno pande hizo mbili hushindana mpaka watu wanasahau kula. Nikamnong'oneza kwamba Bagalu wanataka santuri kumi za Pantaleo. Uongo mdogo, nimekwisha kuutubu. Mzee akacheka, akaniita mama kwa Kisukuma, “Mayu, waache waote ndoto,” akachukua kumi yeye.

Kisha nikaenda kwa Bagalu na kuwaambia ukweli mtupu, kwamba Bagika wamechukua kumi. Wakachukua kumi na moja.

Zimebaki tatu! Nimefagia chumba cha Pantaleo.

Jumatano, 14 Julai

Wateja wana sheria. Mzee Maduhu hataki santuri za Bagika zipigwe mbele ya Bagalu, wataiba mtindo wa kuuchezea. Bagalu nao vivyo hivyo. Selestine anataka yake ipigwe akiwepo yeye tu, na wale watano walionunua siku moja naye wakaiga. Aliniuliza kama mke wa mtu hutembezwa na jirani mume akiwa kazini. Nimekubali yote. Mwenye duka mzuri habishani.

Kisha balaa. Mzee Maduhu alibaki na santuri yake moja kidogo, nikadhani anaitazama. Kumbe anaipaka dawa ya kuvuta watu, iliyochanganywa na samli, kama wanavyofanya kwenye ngoma zao! Nilipoweka sindano, ikateleza. Pantaleo wangu akaimba kama mbuzi anayeshuka mlima wa matope. Watu kweli walivutwa. Walikuja kuuliza nani anachinjwa.

Nikaiosha kwa maji ya moto. Ikajikunja kama bakuli. Nimembadilishia kwa nyingine, na Mzee kaondoka na zote mbili. Anasema ile bakuli ndiyo imekubali dawa.

Zimebaki mbili.

Jumanne, 20 Julai

Moja kachukua mwalimu wa shule ya misheni. Ikabaki moja. Hiyo niliitaka mimi. Niliiweka juu ya kabati, nikaishusha, nikairudisha. Mama hawezi kumnunua mwanawe mwenyewe, na bwana wa studio alisema ziishe, hakusema zibaki na moja.

Nikiwa katika mawazo hayo Mama Thobias akavuka baraza, mikono bado ina magamba ya samaki, akasema, “Lete hiyo ya mwisho, Mama Pantaleo, mtoto aje.” Akasema pia niipige wakati wowote, hana haja ya kutangazwa.

Nimeijua hila yake! Anataka niwe nabisha hodi kwake kila nikitaka kumsikia mwanangu. Nimemwambia ya kwake itapigwa akiwa amekaa hapa, kama wengine. Akanitazama. Akasema ana dagaa wa kuanika.

Nimekwenda posta na kupeleka simu ya maandishi: ZIMEISHA ZOTE NJOO MAMA. Karani alisema maneno manne yatosha. Nilikuwa na maneno mengine mengi.

Ijumaa, 23 Julai

Rafu imejaa santuri na sina hata moja ya kupiga. Asubuhi walikuja Bagika, na Bagalu wakaja, kwa hiyo za pande zote mbili zikanyamaza. Mwalimu yuko darasani. Selestine na wale watano wako chini ya ardhi, na kwa Mama Thobias sibishi hodi. Watu wakasimama kidogo wakitazama pembe ya gramafoni, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Mtoto mmoja aliingiza kichwa ndani ya pembe kuona kama Pantaleo amelala.

Tangu jana mchana sijazungumza na mtu, ukiacha kuku.

Jumatatu, 26 Julai

Saa tatu asubuhi nimemvizia Selestine akitoka zamu. Nikamwambia kuna chai na viazi vitamu. Alikula vyote, akajinyosha kwenye benchi langu, akalala palepale na buti zake. Vizuri sana! Mwenye mali yupo, sheria imetimia. Nikashusha santuri yake na kuiweka.

Alikoroma kwa nguvu kuliko gitaa. Nikasogeza kigoda, sikio karibu na pembe. Kuna mahali, kabla ya ubeti wa pili, Pantaleo anavuta pumzi. Hata Nairobi hawakuiondoa. Nikarudisha sindano hapo, mara nyingi.

Mama Thobias alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini. Nikamwambia ninakagua mikwaruzo. Akaweka sahani ya dagaa mezani, akaenda zake. Bila shaka ni wale walioshindikana kuuzwa. Nimewala wote.

Jumamosi, 7 Agosti

Barua! Kurasa mbili!

Bwana wa studio amefurahi mno. Anasema hakuna duka, hata Kampala, lililomaliza thelathini kwa wiki mbili na nusu. Kwa hiyo hawezi kabisa kumwachia mwimbaji kama huyo aondoke. Anataka nyimbo nyingine nne kabla ya Noeli, na baada ya hapo wataona. Pantaleo anasema nisamehe. Anasema, “Mama, yote haya ni kazi yako.”

Kazi yangu! Nimelisoma neno hilo barazani mara tatu.

Mama Thobias aliacha kufukuza nzi. Akasema taratibu kwamba ningeuza mbili tu, wangemrudisha kijana nyumbani, na leo angekuwa anakula ugali wangu. Wivu wa wazi! Ndivyo anavyofikiri mtu asiyejua biashara.

Mimi nimeona kosa lilipo. Thelathini zilikuwa chache, zimemwonjesha tu bwana wa studio. Nimeagiza mia moja na ishirini. Kesho baada ya Misa nitamnong'oneza Mzee Maduhu kwamba Bagalu wameshika nusu.

Na safari hii nitaziuza upesi zaidi.