Mipira ya Hita Iliyopakwa Mafuta

Kwa Mzee Kiarie,
Mwenyekiti, Kamati ya Gari la Kanisa,
Gilgil.

Mpendwa Mzee,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa heshima yote iliyonibakia. Kama ujuavyo, mimi ndiye dereva wa gari la kanisa, ambalo limenizidi umri, na ambalo kila Alhamisi humpeleka nyanya yangu, Shosho Wariara, hospitali Nakuru kusafishwa damu. Asipofika huko, hana siku nyingi. Kwa hivyo nalalamika:

1. Niliripoti kwamba ile mipira miwili inayopeleka maji moto kutoka kwa injini hadi kwenye hita ilikuwa imepasuka kama visigino. Niliomba mipya. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kuiombea ya zamani. Mzee Muturi akaniambia, "Wewe msichana, hiyo digrii imekumalizia imani."

2. Sina neno na maombi. Ila baada ya amina mliipaka mafuta ya kupikia, tena kwa ukarimu. Mafuta hula mpira. Ilivimba, ikalegea kama chapati iliyolala kwenye supu.

3. Alhamisi iliyopita mmoja ulipasuka tukiwa Kariandusi. Gari likajaa mvuke. Ninyi wanakamati mliokuja kumsindikiza Shosho mkadhani Roho ameshuka, mkaanza kuimba. Mlisema Mzee Muturi, aliyeketi mbele, alinena kwa lugha. Mimi nilikuwa karibu naye. Alikuwa akisema kwa Kikuyu kwamba ameungua mguu. Shosho alifikishwa hospitali na lori la machimbo, amechelewa, mweupe kwa vumbi kama malaika. Wauguzi walishtuka.

4. Tangu siku hiyo nimesoma sana. Mpira hukaguliwa injini ikiwa imepoa: unaubonyeza kwa vidole. Ulio mgumu utapasuka. Ulio laini kupita kiasi umeoza ndani. Usingoje ulipuke, na ukibadilisha mmoja, badilisha na mwenzake na vibano vya chuma vinavyoishikilia, kwa kuwa imezeeka pamoja. Nimetafakari haya kwa utulivu na sioni kwa nini yaishie kwenye gari. Naomba Jumapili hii, baada ya ibada, wanakamati wasimame mbele ya washirika, wakiwa wamepoa, wabonyezwe.

5. Nimeshajaribu kidogo wakati wa kusalimiana. Wewe Mzee, samahani, ni mgumu. Mzee Muturi ni laini. Naomba mbadilishwe nyote wawili, pamoja na vibano vinavyowashikilia, yaani katibu na mweka hazina.

Nisalimie Mama Kiarie, kwaya, akina mama wa jikoni, na mguu wa Mzee Muturi.

Ni mimi, kwa unyenyekevu usiozidi kiasi,
Abby Wariara,
Dereva.

N.B. Mipira mipya nimeifunga mwenyewe leo, yote miwili, na haivuji. Lakini nilipomweleza Shosho kuhusu barua hii, alikataa kabisa kupanda gari. Anasema amechoka na sindano, na huwa anakubali kwenda kwa sababu tu ninyi wazee humtania njia nzima hadi anasahau tunakoelekea. Bila kamati, haendi. Basi naomba asibadilishwe hata mmoja. Alhamisi alfajiri mje nyote, na mje na maneno ya utani.