Kengele ya Ugoko

Jumatatu, 3 Machi
Redio imesema mataifa yanakimbizana kusajili hataza, yaani haki za wavumbuzi, za vifaa vya michezo. Wenzetu wana viatu vinavyopima mbio na fulana zinazosikiliza moyo. Sisi? Mkiani! Bahati nzuri nipo mimi. Nimebuni kilinda ugoko chenye kengele. Mchezaji akipigwa teke kweli, kinalia. Akijiangusha, kimya. Kwisha habari ya waongo! Kengele nimeing'oa mlangoni petu. Mke wangu amesema haidhuru, wageni watabisha hodi. Sijapenda alivyosema.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji amepita, yule kaka wa mke wangu, kocha wa timu ya mtaa. Eti anaazima pampu ya mpira. Macho mezani muda wote! Nikafunika kifaa kwa kitambaa. Kikalia. Akakisifu mno, halafu akaninong'oneza nisimwonyeshe mtu hata mmoja mpaka nikisajili. Nikashtuka. Mtu anayekutaka unyamaze ana lake jambo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuma shemeji kwa fundi viatu. Fundi ameapa walikuwa wanazungumzia soli tu. Soli! Kutoka soli hadi ugoko ni shubiri moja. Basi nimeamua: mwizi huogopa mwanga. Jumamosi timu ya shemeji ina mechi. Nitauonyesha umma wote, nipate mashahidi. Tuone nani atathubutu kuniibia.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi! Wakati wa mapumziko niliingia uwanjani na kipaza sauti, nikaeleza kila waya na kila skrubu. Nikamwomba beki anipige teke. Alinipiga kwa moyo wake wote. Kengele haikulia, nililia mimi. Teke la pili ikalia, haikunyamaza mpaka mechi ikaisha. Watu wamerekodi kwa simu, video imeshasambaa. Shemeji alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mwizi kajulikana!

Jumanne, 11 Machi
Ofisi ya hataza. Nimeingia nikichechemea. Ofisa, mama mmoja mwenye miwani, akauliza kama kuna mtu mwingine amewahi kukiona kifaa. Uwanja mzima, nikamjibu kifua mbele, na nchi za nje pia! Akavua miwani. Akaniambia pole, baba, hataza hupewa kitu ambacho hakijaanikwa hadharani, na aliyekianika hiki ni mimi mwenyewe. Ningenyamaza tu, ningekuwa na nafasi. Nimekaa kwenye ngazi za ofisi nikalia. Nilikitaka kweli kile cheti.

Jumatano, 12 Machi
Nimetafakari. Ofisa kasema nyamaza kwanza. Shemeji alisema nyamaza kwanza. Maneno yale yale! Wamepanga, hakuna ubishi. Mke wangu ananiuliza je, kama yanafanana kwa sababu ni ya kweli? Naye yumo! Damu nzito kuliko maji.
Lakini safari hii hawanipati. Nimebuni filimbi inayogoma kulia refa akihongwa. Hii siifichi hata siku moja, wasije wakaiwahi. Jumamosi kuna mechi nyingine. Kipaza sauti nimeshaazima.