Goti Langu na Vidole vya Wifi

Jumatatu, 3 Juni

Goti la kulia limeamka kabla yangu. Linalia kama bawaba isiyoonja mafuta tangu nyumba ijengwe. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikilibembeleza. Halibembelezeki.

Mwanangu akapiga simu. Amesafisha chumba cha chini nyumbani kwake, anakuja Jumapili kunichukua. Daktari kasema goti limesagika, ila si la kupasuliwa, ni la kutunzwa. Mwanangu haoni goti likitunzwa ghorofa ya tatu. Nikamwambia ngazi hizi nazipanda mbio. Wifi, aliyeketi kando yangu, akakohoa.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tangu tumzike tunaishi pamoja hapa juu. Vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, magoti yake mazima. Mimi kinyume chake. Mimi nafungua makopo na kumfunga vifungo, yeye anaokota vinavyoanguka. Tukijumlishwa anapatikana mwanamke mmoja mzima, mwenye kelele za watatu.

Nikiondoka, nani atamfunga vifungo? Hilo sikulisema. Nilisema siwezi kuacha mandhari ya dirishani. Dirisha letu linatazama ukuta wa dobi.

Tumeafikiana hivi: Jumamosi aje mama wa mazoezi, yule mtaalamu wa viungo wa kliniki, anione nikipanda ngazi. Akiridhika, nabaki. Asiporidhika, nafunga mizigo. Mazoezi yenyewe aliyonipa sijayagusa. Mwenye akili mazoezi ya nini?

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Muuza dawa kanipa dawa ya kuchua yenye pilipili. Kasema nipake kidogo. Kidogo ni kwa watu wasio na haraka. Nimepaka goti, paja na ugoko. Kisha nikafikicha jicho kwa mkono uleule.

Wifi kaniosha uso, kanishika kichwa kwa viganja kama mtoto mchanga, huku akiuliza taratibu ni lini goti lilihamia usoni. Jicho limevimba. Goti liko vilevile.

Jioni akasema chumvi imekwisha tena, na vidole vyake haviwezi kubeba kikapu, kwa hiyo tushuke wote. Tukashuka, tukapanda. Tulipofika mlangoni akakumbuka kuwa chumvi yenyewe kaisahau. Tukashuka tena. Nikamwambia akili zake zimeanza kuvuja. Akakubali kwa upole. Upole ule ndio ulionitia wasiwasi.

Alhamisi, 6 Juni

Wifi wangu anakwisha. Kila nikikaa, anauliza nani anagonga mlango. Nainuka. Hakuna mtu. Nakaa. Anasikia tena. Mambo haya hayakuanza leo, huu ni mwezi wa pili. Na kile kiti changu chenye mikono kakihamishia chumbani kwake, ati kakipenda, kwa hiyo nainuka sina pa kushika.

Ugomvi mwingine ni wa mkongojo. Naushika upande wa goti bovu, kwa kuwa ndiko kunakouma. Yeye ananipokonya kila mara na kuuhamishia mkono wa upande wa pili. Ati ndivyo inavyotakiwa. Mbishi kama kupe.

Leo nilikusudia kumkaripia. Nikamkuta jikoni, amenipa mgongo, akihangaika na kifuniko cha chupa kimya kimya nisimwone. Nikakifungua na kusema nina kiu. Nikanywa siki. Sikukunja uso.

Masikio yanakwenda, kumbukumbu inakwenda, vidole vilishakwenda. Nimwache na nani mtu huyu? Lazima Jumamosi nishinde, kwa haki au kwa njia nyingine. Nimechagua njia nyingine.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango mkuu ulikuwa rahisi. Kabla mama wa mazoezi hajafika, nishuke hadi kituo cha ngazi cha ghorofa ya pili, nisimame na kikapu kama mtu anayetoka chini. Akinikuta pale, apande nami kipande kilichobaki. Nikifika juu, sifa zote zangu.

Alinikuta. Akanisalimia kwa adabu, akatazama kikapu kitupu, akatazama ndala zangu za chumbani. Akasema twende chini hadi getini, halafu tupande wote.

Nilishuka nikisoma kila dua ninayoijua. Tukaanza kupanda. Wifi nyuma yangu. Nilikuwa nasubiri goti linisaliti ghorofa ya kwanza. Halikunisaliti. Ya pili, nikapumzika kidogo, nikaendelea. Juu kabisa maumivu yakaja, lakini yalikuja kama mgeni anayejua hakualikwa: yalisimama mlangoni tu.

Mama wa mazoezi akanibonyeza paja. Akasema msuli umekaza, goti lina mtu wa kulibeba sasa. Akauliza nimefanya mazoezi kwa muda gani. Nikafungua mdomo nijisifu. Kisha nikaona hanitazami mimi. Anamtazama wifi, na wote wawili wanatabasamu.

Kumbe wifi alikwenda kliniki peke yake, miezi miwili iliyopita. Akafundishwa yote: kukaa na kuinuka bila kushika kitu, kupanda ngazi kidogo kidogo kila siku, mkongojo uwe mkono gani. Mlango haukuwahi kugongwa. Chini ya kitanda chake nimekuta pakiti za chumvi za kutosha kukausha papa mzima.

Alipoondoka mgeni nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, wifi, ungefanya?"

Nikajifanya nalichua goti.

"Nyumba hii ina ngazi nyingi," akasema, "lakini wa kugombana naye ninaye mmoja tu."

Nikamwambia jicho langu bado lina pilipili. Akasema anaona.

Jumapili, 9 Juni

Mwanangu kaja na maboksi. Shangazi yake kampa habari, nami nikapanda ngazi mbele yake mara mbili, mara ya pili kwa maringo tu. Akacheka. Kisha akayatazama maboksi yake, na nikaona kuwa kile chumba hakukisafisha kwa ajili ya goti peke yake. Alitaka mama nyumbani. Nilimshika mashavu kama alipokuwa mdogo. Tumekubaliana atakuja kula kwetu kila Jumapili. Kaondoka na maboksi matupu, na shangazi yake akamsindikiza hadi barabarani.

Jumanne, 11 Juni

Nimeacha mazoezi. Mtu akishashinda kesi haendi tena mahakamani. Goti asubuhi lilikuwa limekakamaa, lakini hilo ni godoro.

Dobi kaniambia siri. Kuna bangili ya shaba inayovuta maumivu yote mtu akiwa amelala, bila kuinua hata unyayo. Hajui aliyepona, lakini anajua wengi walioivaa. Nimeagiza mbili. Moja ya vidole vya wifi. Atalalamika, nitamwambia ni pambo, kisha nitamvalisha mwenyewe. Nyingine ya goti langu, saizi kubwa kuliko zote. Nitaivaa ndani ya soksi ndefu. Safari hii hatajua lolote.